Alamu ya nyumbani bila kulipia kila mwezi, mpaka nikaipatia nimehangaika

Kila nikikaa na watu wanaojenga huku pembezoni naulizwa swali lile lile, dada alamu yako unalipia shingapi kwa mwezi, nikisema silipi hata mia wananiangalia kama kuna kitu nawaficha. Kampuni silipi kweli, naweka vocha ya simu tu. Ila mpaka kufika hapo nimetupa hela, nimewanyima majirani usingizi wiki mbili nzima, na kidogo tu mtoto wa shemeji yangu apigwe na watu kwenye kibaraza changu mwenyewe, kwahiyo usidhani ni stori ya kununua boksi ukalifunga ukutani ukalala.

Sisi tunakaa Goba, Dar, ndani ndani kule lami ikishakuishia. Mume wangu dereva wa lori, Tunduma mpaka anavuka Kasumbalesa, akiondoka hapa ni wiki mbili tatu humuoni, nabaki mimi na mama mkwe na watoto wawili. Mwaka 2021 tukapata msiba Muheza, tukaenda wote, nyumba tukaifunga siku nne. Kurudi dirisha la stoo limekatwa nondo mbili, tivii hakuna, sabufa hakuna, mtungi wa gesi na jiko lake hakuna, cherehani yangu ya umeme ambayo ndo ilikuwa inalipa ada za watoto nayo imeondoka, mpaka pasi. Watu wakaja na zile stori za mjini, oh mtakuwa mmepuliziwa dawa. Nyumba ilikuwa tupu, wampulizie nani? Walikuja na msumeno wa chuma na walikuwa na muda wa kutosha, basi.

Na kilichoniuma kuliko hata cherehani ni jirani wa nyuma, mtu mzuri tu, alivyoniambia "tulisikia usiku kama mtu anakwangua chuma, tukajua mmesharudi mnatengeneza kitu". Yani walisikia. Nyumba tatu zilisikia na hakuna aliyetoka, sio kwa roho mbaya, hawakujua tu kama ile sauti ni ya wizi. Nilienda polisi nikapewa RB, ile namba ya taarifa ya wizi, nikarudi nikakaa kibarazani nalifikiria hilo neno, na kwa kweli kila nilichokuja kuamua baadae kuhusu alamu kilitokea hapo.

Wiki ile ile akaja kijana wa kampuni ya ulinzi, shati limenyooka, na tableti yake. Akaniambia mama vifaa tunakufungia bure, wewe unalipia tu elfu themanini na tano kwa mwezi, alamu ikilia inalia ofisini kwetu, tunatuma gari. Nikasisimka. Mi mama wa cherehani lakini hesabu naziweza, nikamuuliza mkataba miezi mingapi, akasema 36. Hiyo elfu themanini na tano ina VAT? Akacheka kidogo, hapana mama, VAT inaongezeka. Basi nikachukua kalamu, na ile asilimia 18 inakuwa 100,300 kwa mwezi, mara 36 ni 3,610,800. Vifaa vya bure hivyo! Af nikamuuliza gari lenu la karibu linalala wapi, akasema upande wa Mwenge. Mwenge mpaka kwangu saa kumi na mbili jioni, tena mvua iwe imenyesha, ile ni safari ya mtu kubeba na maji ya kunywa. Sikumfukuza, nilimpa juisi, nikamwambia ntafikiria.

Sisemi kulipia ni ujinga. Dada yangu mmoja kajenga sehemu hana jirani hata mmoja, pori kushoto pori kulia, huyo nilimwambia mwenyewe lipia tu, mana akipiga kelele atasikiwa na ngedere. Na mtu mwenye duka la simu au stoo ya mali, naye alipie. Unachonunua pale kwenye ile laki kwa mwezi ni mtu wa kuja, boksi lenyewe la laki mbili. Sasa mimi watu wa kuja ninao nyumba tatu mbali, tatizo langu lilikuwa wajue tu.

Lakini hilo sikulijua kwa maneno hayo wakati ule. Wakati ule nilichofanya nikanunua cha bei rahisi, kale kadude ka waifai, unapakua programu kwenye simu, kanakutumia taarifa mlango ukifunguliwa. Kazuri, kadogo, keupe, kanapendeza ukutani. Wiki ya kwanza nilikuwa nafungua simu kila saa kama mtu mwenye mchumba mpya. Wiki ya pili umeme ukakatika kuanzia saa moja usiku, ruta ikazima, intaneti ikaondoka, na kenyewe kakanyamaza kimya kabisa, mlango ukifunguliwa hakuna anayeambiwa. Umeme uliporudi bando la ruta nalo likawa limeisha na mimi niko kwenye harusi Kibaha sijui. Siku mbili nyumba haina ulinzi wowote na mimi naringa nina alamu. Kama we una ruta yenye betri yake ndogo ya akiba na bando halikatiki, kanaweza kukufaa. Kwangu hapana, nimekatoa, sasa kako mlango wa banda la kuku.

Ndo nikaenda Kariakoo. Nikazunguka maduka kama sita hivi na somo la kwanza nililopata, usiulize bei kwanza, uliza hii ikikosa intaneti inanipataje. Nilichokuja kuchukua ni boksi linalowekwa laini ya simu, laini ya kawaida tu kama hii ya kwako, kikitokea kitu linapiga simu lenyewe kwa namba ulizoliwekea, moja baada ya nyingine, na linatuma meseji. La kwangu linabeba namba tano. Halihitaji waifai, halihitaji kampuni, linahitaji vocha.

Gharama naziweka wazi mana watu wanapenda kuzizungusha. Boksi na rimoti mbili, sumaku mbili za kujua mlango ukifunguliwa, jicho moja la kuhisi mtu akipita ndani na king'ora kidogo 185,000. Nikaongeza macho mawili 50,000, sumaku tatu 36,000, king'ora kikubwa cha nje 45,000, betri ya volti 12 ile ya saizi ya 7Ah 40,000, fundi 60,000, laini na vocha ya kuanzia 10,000. Jumla 426,000. Hiyo ni miezi minne na kidogo ya yule kijana wa tableti.

Hapo kwenye betri nisimame kidogo, watu wengi wanapaachia. Boksi linakuja na kabetri kake ndani, fundi anakwambia hii inatosha dada, inatosha masaa machache tu, na mwizi wa sasa hivi hana haja ya kusubiri mgao, mita ya LUKU iko nje ukutani au kwenye nguzo, anashusha swichi anakaa chini ya mwembe anasubiri. Betri ya 7Ah, yani inatoa ampea moja kwa masaa saba, boksi likila kama 0.1A linapotulia tu, kwenye karatasi unapata masaa 70, mi nagawa kwa mbili mana betri za kwetu na joto letu hazifiki kwenye karatasi. Hata hiyo siku moja na nusu nashukuru. Af mwambie fundi akuwekee ile taarifa ya umeme ukikatika boksi likutumie meseji. Majirani wana umeme na wewe huna, hapo ujue kuna kitu.

Laini nayo ina mambo yake. Toa ile PIN ya laini kwanza kwenye simu ya kawaida, la sivyo boksi litakaa linaisubiri na wewe unadhani limeharibika, mimi na fundi tulipoteza nusu siku hapo. Weka vocha ya kawaida usiweke bando, bando linaisha muda wake usiku wa manane hujui. Na isajili kwa kidole chako na namba yako ya NIDA. Yule muuza duka alitaka kunipa laini "iliyosajiliwa tayari", nikamwambia kaka hapana, siku namba hiyo ikitafutwa kwa ajili ya kitu kingine mi ntasemaje? Na badili namba ya siri ya boksi siku hiyo hiyo. Yanakuja na 1234 au 8888 na kila fundi wa mjini anaijua, yani ukiiacha ni sawa na kufunga geti ukaacha ufunguo kwenye kufuli.

Haya, tukafunga. Wiki mbili zilizofuata naziita wiki za aibu.

Usiku wa kwanza saa tisa king'ora kikalia, tukaamka wote, mama mkwe kashika mchi, hakuna mtu. Usiku wa tatu tena. Usiku wa nne mara mbili. Mzee wa kona akanisimamisha njiani, akaniamkia yeye mimi, mkubwa kuniamkia, nikajua hapa nasemwa, akasema mwanangu hicho chombo chako kinatunyima usingizi kuliko hao wezi wenyewe. Nikataka kuingia chini ya ardhi.

Fundi akarudi mara ya tatu, sio yule wa kwanza, mzee mmoja mtulivu, akavua kofia ya jicho la sebuleni akaniita njoo uone. Mjusi kafiri. Alikuwa amelala juu ya jicho kabisa, na usiku akiamka kuwinda wadudu anapita mbele ya lile kioo, yeye mdogo lakini kwa jicho anaonekana mkubwa kama mtu mana yuko karibu nalo mno. Jicho haliangalii picha, linahisi joto linalotembea. Sasa ukilielewa hilo mengine yote yanakaa sawa. Lilikuwa linatazama dirisha lenye jua la jioni, vibaya. Lilikuwa juu ya pazia linalopepea, vibaya. Na kuna la kinyume chake ambalo ndo lilinitisha, joto la chumba likikaribia joto la mwili wa mtu, kama mwezi wa kwanza na wa pili kwenye chumba cha bati bila dari, jicho linakuwa kama mtu mwenye mtoto wa jicho, linakuona kwa shida. Stoo yangu ilikuwa hivyo hivyo. Pale tukatoa jicho tukaweka sumaku kwenye mlango.

Yule mzee akayahamisha yote. Akayaweka kwenye kona, juu kiasi cha mita mbili hivi, yakitazama korido kwa upande, kwa sababu jicho linamwona vizuri anayekatiza mbele yake kuliko anayelijia usoni. Akaziba matundu ya waya kwa silikoni wadudu wasiingie, wadudu wakikosekana mjusi naye anahama. Na akaniuliza, kwanini unataka jicho kila chumba? Mwizi akishaingia popote lazima apite korido. Kumbe macho mawili yanatosha! La tatu nikalirudisha stoo kwenye boksi lake, lipo mpaka leo.

Sumaku nazo zina visa, ni vipande viwili tu, kimoja mlangoni kimoja kwenye fremu, vikiachana boksi linajua. Mlango wa mbao masika unavimba, kiangazi unapungua, nafasi ikizidi alamu inalia yenyewe mchana kweupe. Na mlango wa chuma usiweke zile ndogo za mbao, chuma kinavuta nguvu ya sumaku, kuna nyingine nene za chuma, ulizia hizo. Rimoti mimi nimeziweka kabatini. Hizi za bei yetu nyingi zinatuma namba ile ile kila ukibonyeza, ndo mana yule wa pale barabarani anayekopi rimoti za mageti anaimaliza ya kwako dakika mbili, sasa kama yeye anaweza na mwingine anaweza. Natumia simu, napiga naweka namba ya siri, nawasha nazima.

Sasa vifaa vikatulia. Nikawa nimebaki na kile kitu chenyewe, watu.

Namba tano niliziweka hivi, mimi, jirani wa nyuma, mama wa duka la kona ambaye halali mapema, mkubwa wa vijana wa ulinzi shirikishi ambao kila nyumba tunawachangia elfu tano kwa mwezi, na mjumbe wetu. Nikawapelekea kila mmoja sukari kilo moja, nikaomba radhi kwa zile wiki mbili, nikawaeleza. Wote wakasema sawa hakuna shida. Jumamosi jioni nikafanya jaribio bila kuwaambia. Alipokea mmoja! Mmoja kati ya wanne. Jirani wa nyuma aliona namba asiyoijua akadhani ni wale wa "tuma kwa namba hii" akakata. Mama wa duka simu ilikuwa kwenye chaji chumbani. Mjumbe alikuwa kaizima sauti yuko kikaoni. Basi nikapita nyumba kwa nyumba, nikachukua simu zao kwa mkono wangu nikaiandika ile namba ALAMU MAMA CHEREHANI, nikaipa mlio wa peke yake, na kwa wenye simu za kisasa nikaiweka kwenye zile namba zinazoruhusiwa kulia hata ukiwa umenyamazisha simu usiku. Hiyo kazi ya dakika kumi kwa kila mtu haiko kwenye kitabu cha maelekezo, na bila hiyo lile boksi la laki mbili lingekuwa linapigia ukuta.

Af ikaja ile siku ya mtoto wa shemeji. Mwaka 2022, katoka Mbeya na basi, limechelewa, kafika Mbezi usiku sana kachukua bodaboda, simu yake imeisha chaji. Sisi tumelala kwa dada yangu Bunju siku hiyo. Kijana anajua tunapofichaga ufunguo wa mlango wa nyuma, akaruka ukuta, akafungua. King'ora juu! Na safari hii watu walikuja, tena walikuja haswa, nyumba tano sita, tochi, fimbo, mmoja kashika nondo. Mi nimepigiwa Bunju nasikia kelele, nasikia "mwizi huyo", nimepiga simu kwa jirani wa nyuma nalia, mwangalieni usoni jamani, mwangalieni kwanza. Aliyemwokoa ni yule mzee wa kona, yule yule niliyemnyima usingizi, aliwahi akasimama mbele yake akasema hakuna kumgusa mpaka mwenye nyumba aseme. Kijana alikuwa ameshachanika shati.

Sikulala siku tatu. Kwetu neno mwizi likishatoka mdomoni ukiwa umati umeshakusanyika, haliulizi mara mbili, watu wamekufa kwa neno hilo na wengine walikuwa hawajaiba kitu. Yule kijana wa tableti hili hakuniambia wala simlaumu, ila ndo kitu ambacho kampuni ingekuwa imenipa na mimi sikukihesabu kwenye ile milioni tatu na laki sita. Ikabidi tukae kikao kwa mjumbe. Tukakubaliana, alamu ikilia watu wanatoka na tochi na filimbi, wanazunguka nyumba kwa nje, wanapiga kelele, hakuna anayeingia ndani, hakuna anayempiga mtu, mmoja anapiga 112, na mwenye nyumba anapigiwa kabla ya chochote. Mkubwa wa ulinzi shirikishi akasema atakayepiga mtu atamtaja mwenyewe polisi. Na mimi nikatoa ule ufunguo wa chini ya kopo la maua, ndugu akitaka kuja apige simu kabla hajafika Chalinze.

Wezi wenyewe walikuja mara moja tu, mwaka 2023, na hapo sina stori ndefu, umeme wangu ukakatika peke yangu saa nane usiku, nikapata meseji, nikaamka kwenda kuchungulia, kabla sijafika dirishani mlango wa stoo ukaachana na sumaku yake. Kelele. Tochi zikawaka kulia na kushoto kama mbio za mwenge. Asubuhi tukakuta kufuli limekatwa, swichi ya mita imeshushwa na ndala moja ya mguu wa kushoto kwenye bustani ya mchicha. Ndala ile mama mkwe kaitundika kwenye mwembe, anasema mwenyewe akiihitaji aje mchana.

Kwa mwezi natumia vocha ya elfu mbili, mara nyingine haiishi. Betri nimebadilisha mwaka 2024, ilikuwa imeanza kuvimba ubavuni, nimelipa arobaini na tano elfu, zimepanda. Jirani wa nyuma naye kafunga ya kwake na namba yangu ni ya pili kwenye boksi lake, na nyumba ya pili baada yake wanaulizia bei. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi saa kumi jioni nalijaribu, wote wanapokea sasa, isipokuwa mjumbe ambaye mpaka leo sijui simu yake huwa anaiweka wapi. Mzee wa kona, ambaye hata hayumo kwenye zile namba tano, yeye anatoka kabisa na filimbi yake anasimama getini kwangu mpaka nitoke nimwambie ni jaribio, halafu anadai chai.